Sura ya Makosa ya Jamhuri ya Kinyongo

Nchi yetu, Jamhuri ya Kinyongo, haina ubaya na mtu. Jirani akipata neema, sisi ndio wa kwanza kumpongeza. Tunampongeza kwa tabasamu pana, tunarudi nyumbani, tunapanda kitandani, na usingizi unakataa kuja. Basi, hayo ndiyo yote tunayofanya, na sioni kwa nini wageni huandika mambo marefu kutuhusu.

Ilikuwa hivyo hivyo pale Nderemo, nchi iliyo ng'ambo ya mto wetu, walipotangaza kwamba wanatunga kiwango chao wenyewe, yaani kanuni za kuelekeza ujumbe kwenye intaneti. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa aliiona habari hiyo akiwa mezani. Waliokuwepo wanasema aliweka kijiko chini na hakukishika tena. Kulipokucha, redio ya taifa ilitangaza kwamba Kinyongo nayo itakuwa na kiwango chake, kwamba wazo hilo Mlezi alikuwa nalo tangu utotoni, na kwamba rasimu yetu itakuwa nene kuliko ya Nderemo.

"Nene kiasi gani, Mheshimiwa?" aliuliza Profesa Ntandu, aliyeteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati.

"Ukiidondosha mezani," alijibu Mlezi, "waisikie kule ng'ambo."

Kwa wasioyajua mambo haya, nieleze kidogo. Intaneti ina mashine ziitwazo ruta. Kazi ya ruta ni kupokea ujumbe na kuusukuma kuelekea unakokwenda, na ili zijue njia, ruta huambiana. Moja humwambia jirani yake, "Ukitaka kufika Hazina, pitia kwangu," naye huwaambia majirani zake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa nchi. Ni umbea tu, ila umbea wa manufaa, na kitaalamu huitwa tangazo. Swali gumu ni hili: ruta ifanye nini ikiletewa umbea wenye kosa? Sehemu inayojibu swali hilo huitwa Sura ya Makosa, na Profesa alinipa mimi, Injinia Makungu, niiandike. Alisema hajapata kuona mtu mwepesi wa kuyaona makosa ya wenzake kama mimi. Niliipokea kama sifa.

Sikuhangaika kutafuta jibu mbali. Kila Mkinyongo anajua la kufanya akikosewa. Unanuna. Husemi umekosewa nini, maana ukisema utakuwa umejishusha; anayekujali atajua mwenyewe. Unakata salamu. Unayafuta mema yote aliyokutendea, na wanaomsalimia nao unaanza kuwatazama kwa jicho la pembeni. Kisha unakaa unangoja, kwa sababu mkosaji ndiye anayepaswa kuanza kusema. Nimelelewa hivyo. Baba yangu alinuna masika nzima kwa sababu ya chumvi, na mama hakujua kuwa ni chumvi mpaka siku ya maziko yake, aliposimuliwa na shangazi.

Kwa hiyo niliandika, na naomba msomaji aone lugha ilivyotulia: "Ruta itakapopokea tangazo lenye kosa la aina yoyote, itakata uhusiano na jirani aliyelileta, itafuta njia zote alizowahi kuifundisha, na haitataja sababu. Mkosaji ndiye atakayeanza kurejesha uhusiano." Nilikiita Kifungu cha Heshima. Kiliposomwa mbele ya Kamati, wajumbe walipiga makofi na Profesa akavua miwani akaifuta. Alisema hajapata kuona mashine zenye malezi mazuri namna ile.

Ningependa hadithi iishie hapo.

*

Lakini kila sura lazima ipitiwe na mhakiki kabla ya kupitishwa. Sheria yetu inataka mhakiki asiwe rafiki wa mwandishi, ili asimpendelee. Profesa alitafuta kwa uangalifu mtu asiyekuwa na sababu yoyote ya kunifurahisha, akamteua mke wangu.

Saumu ni injinia kama mimi. Tulisoma pamoja chuoni, ambako alikuwa akinipita katika mitihani kwa bahati, muhula hadi muhula. Nyumbani ananiita Makungu, kama enzi zile. Akiniita Injinia, najua kuna jambo.

Siku ya uhakiki alisimama mbele ya Kamati na rasimu yangu mkononi, amevaa gauni la kijani nililomnunulia mimi, jambo ambalo wajumbe hawakuelezwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina swali dogo kuhusu Kifungu cha Heshima," alisema. "Mkosaji ndiye anayepaswa kuanza. Atajuaje kwamba ni mkosaji, ikiwa hajaambiwa?"

"Atajua mwenyewe," nilijibu.

"Kwa njia gani, Injinia?"

"Ataona amenuniwa."

"Akiona amenuniwa bila sababu, si naye atanuna? Hapo ruta mbili zitakuwa zinangojana, kila moja inaamini ni nyingine iliyokosa. Zitangojana mpaka lini?"

Mjumbe mmoja aliacha kutafuna karanga.

"Na kuna jambo jingine," aliendelea Saumu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo linaloniudhi kwake. "Ruta nyingi hazisomi kila kitu, zinapitisha tu. Tangazo linaweza kuharibika mbali kabisa, likapita kwa majirani ambao hawakuligusa, likaja kukufikia wewe unayelisoma. Wewe unamkata aliyekugongea mlango. Yeye ana kosa gani? Katumwa."

"Sasa wewe unashauri nini, mama?" aliuliza Profesa.

"Tulitupe lile tangazo moja lenye kosa. Mengine yote aliyotuletea jirani tubaki nayo, maana hayana ubaya. Halafu tumwambie kosa liko mahali gani, na tuendelee kumsikiliza."

Kisha makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele, yakapanda, na Profesa mwenyewe akasimama. Yalikuwa marefu kuliko yangu. Nilipiga na mimi, kwa vidole, kwa sababu nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na watu wanaona.

Nasema wazi, kwa kuwa mtajua tu: nilimwonea wivu. Kama angekuwa mtu baki, ningemchukia kwa raha zangu nikamaliza. Lakini huyu nililazimika kurudi naye nyumbani kwenye gari moja, yeye akiwa na furaha, akiniuliza kama nimeona jinsi Profesa alivyosimama.

*

Nilinuna. Sikuwa na sababu ya kubuni utaratibu mwingine wakati wangu ulikuwa umeshapigiwa makofi na Kamati.

Saumu alipika samaki wa nazi, chakula ambacho nikikiona hujisahau. Nilikitazama, nikajikumbuka.

"Makungu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi?"

"Ofisini kulikuwa na karanga."

Hapo simu yake ikaita. Alikuwa Injinia Shomvi, yule anayesimamia rasimu ya Nderemo. Habari za makofi zilikuwa zimeshavuka mto. Walizungumza kuhusu matangazo yaliyoharibika, na katikati ya mazungumzo Saumu akacheka. Nimemweleza mke wangu habari za ruta miaka yote ya ndoa yetu, na sikumbuki hata mara moja akicheka kicheko kile. Nilianza kujiuliza huyo Shomvi ana mwili wa namna gani. Nilimpa urefu, nikampa ndevu zilizochongwa vizuri, nikampa na shati la kitani, mpaka nikawa namwona kabisa na nikamchukia kwa kila kitu nilichompa.

Saumu aliweka simu chini, akasogeza kiti akaketi karibu nami.

"Nderemo wananiomba niende nikawaandikie Sura ya Makosa. Ni kazi ya miaka miwili. Gari lao litanipitia siku ile ile mnayozindua kiwango chenu." Alinisogezea sahani. "Sijawajibu. Nataka nikusikie wewe kwanza. Ukiniambia nisiende, siendi."

Msomaji, lilikuwa neno moja tu. Usiende. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, nalisikia kabisa lilivyokaa. Ila niliona kwamba nikilisema, nitakuwa nimeanza mimi, na aliyepigiwa makofi ni yeye.

"Fanya unavyoona," nilisema.

"Mimi naona mengi, Injinia. Nakuuliza wewe unaonaje."

Nilichukua rimoti nikaongeza sauti ya taarifa ya habari, ambako Mlezi wa Taifa alikuwa akikagua karatasi.

*

Kesho yake nilimpitia Profesa Ntandu ofisini. Sikwenda kwa fitina. Nilitaka kumjulia hali, na katika kumjulia hali nikamuuliza kama ana habari kwamba pendekezo la mke wangu linafanana na tabia za watu wa Nderemo.

"Linafanana vipi?"

"Wale watu wanasameheana ovyo, Profesa. Utamkuta mtu amekosewa asubuhi, mchana yuko na mkosaji wake wanakula sahani moja. Ukimuuliza, anakwambia walishaongea."

Profesa alishika ukingo wa meza. "Waliongea? Wazi wazi, kosa likatajwa?"

"Likatajwa."

Alichukua simu ile nyekundu ya kwenda kwa Mlezi, na mimi nikaaga kwa adabu. Jioni Mlezi wa Taifa alihutubia Kamati, na hotuba yake ikarushwa nchi nzima.

"Ndugu zangu," alisema, "kuna wanaotaka tutupe kosa moja tubaki na mema. Hao hawaitakii nchi yetu heri. Taifa linalobaki na mema ni taifa lisilo na kumbukumbu. Sisi tunakumbuka. Tulikumbuka kabla ya uhuru, tukakumbuka baada ya uhuru, na tutaendelea kukumbuka hata pale tulipokwisha kusahau ni nini tunachokumbuka."

Wajumbe wale wale waliosimama kwa ajili ya Saumu walisimama tena, sasa kwa kasi zaidi. Pendekezo lake likaondolewa. Kwa kuwa sisi si watu wa roho mbaya, jina lake liliwekwa kwenye ukurasa wa shukrani, chini ya waliotupikia chai. Nilipouona ukurasa huo nilifurahi. Kisha nikaona wino wa jina lake umekolea kuliko wa jina langu, nikaacha kufurahi.

Nyumbani, Saumu aliusikia uamuzi huo redioni. Aliteremsha sanduku kutoka juu ya kabati, akaliacha wazi sebuleni, mahali ambapo nilipaswa kuliruka kila nilipokwenda kunawa mikono. Kila nilipoliruka aliinua macho kunitazama. Nililiruka vizuri sana.

*

Siku ya uzinduzi, Ukumbi wa Taifa ulipambwa mpaka milango ikakosa pa kufungukia. Ukutani palikuwa na ramani ya nchi yenye taa ya kijani kwa kila ruta. Mlezi wa Taifa alikuwa atume tangazo la kwanza chini ya kiwango kipya: salamu zake, zikitanguliwa na cheo chake.

Sehemu ya cheo niliipima mimi mwenyewe nilipokuwa naandika sura. Nilikuwa nimeacha nafasi ya kutosha vyeo vyote vya Mlezi, pamoja na vile vya mkewe. Nisichokijua ni kwamba asubuhi ile, kwa mapenzi tu, Profesa alikuwa amemwongezea cheo kingine: Baba wa Njia Zote na Mjomba wa Vichochoro.

Mlezi alibonyeza. Ruta za pale ukumbini hazisomi vyeo, zinapitisha tu, kwa hiyo zikapitisha. Tangazo likaenda mikoani, ambako ruta zinasoma. Ruta ya kwanza ya kusini ilisoma cheo, ikakuta kimefurika nje ya nafasi yake, ikaona imevunjiwa heshima, ikamkata jirani aliyelileta. Taa yake ikazimika. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya sherehe. Ikazimika ya pili, ikazimika ya magharibi, na kila moja ilipozimika makofi yalizidi. Taa ya mwisho ilipokwenda, bendi ikapiga wimbo wa taifa.

Ni baada ya wimbo ndipo watu walipotazama simu zao. Benki zilikuwa kimya. Hospitali kuu haikuweza kuiita hospitali ndogo. Wizara zilikuwa haziwezi kuandikiana, ingawa hilo lilichukua muda kugunduliwa.

Serikali haikukaa mikono mifukoni. Waziri wa Mawasiliano aliongoza msafara mpaka kwenye ruta ya jirani, akiwa na sinia la halua, akasimama mbele ya mashine akaiomba radhi kwa lolote. "Kama kuna mahali tulikosea," alisema, na akaiwekea halua juu. Ruta haikuonyesha kupokea. Walikwenda kwenye ruta ya pili, ambayo ilikuwa na feni, na feni ikapuliza. Gazeti la serikali liliandika kwamba mazungumzo yameanza vizuri.

Mimi niliijua sababu, na Profesa aliijua. Kwa mujibu wa kifungu changu, mkosaji ndiye anayepaswa kuanza. Mkosaji alikuwa amekaa kwenye kiti chenye nakshi, akinywa maji ya madafu, na hapakuwa na mtu katika nchi nzima ambaye angeweza kumnong'oneza kwamba cheo chake ni kirefu. Tamko rasmi likasomwa redioni: kosa halijatokea, na kwa kuwa halijatokea, hakuna kilichokatika, wananchi wanaopata shida ya mtandao wanaombwa wasiujaribu.

Profesa alinivuta nyuma ya pazia. Jasho lilikuwa limempitia hadi kwenye joho.

"Makungu, mlete mkeo. Aje azirudishe kwa namna yake ile, pole pole, bila mtu kuuliza nani kakosa. Kimbia."

*

Nilimkuta Saumu barazani. Sanduku lilikuwa limefungwa, limesimama kando yake, na gari la Nderemo lilikuwa limeegeshwa chini ya ukuta na dereva anapangusa kioo. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani. Aliponiona ninakuja mbio, akasimama, na nikaona uso wake umebadilika. Alidhani nimekuja kwa sababu nyingine.

"Umekimbia," alisema.

"Nimekimbia."

"Kuniambia nini?"

Nilihema. Lile neno lilikuwepo, halijaenda popote, lilikuwa limekaa pale pale kwenye ulimi tangu siku ya samaki.

"Profesa anakuita," nilisema. "Ruta zote zimenuna."

"Najua zimenuna. Na wewe?"

"Mimi nimetumwa tu."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakukasirika, ningependa angekasirika, ningepata cha kushikilia. Aliinama akashika mpini wa sanduku, kisha akaliacha, akanigeukia mara nyingine.

"Nimekuuliza mezani, nimekuuliza kitandani, sasa nakuuliza hapa nje, dereva anasikia. Nimekukosea nini, Makungu?"

Walikupigia makofi. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na nililitazama likiwa kichwani mwangu, nikaona lilivyo dogo. Mtu mzima hawezi kulitoa nje jambo dogo namna ile mbele ya dereva wa Nderemo.

"Hakuna," nilisema.

"Haya," alisema mke wangu. Aliniwekea funguo za nyumba mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake, akaingia garini. Niliporudi ukumbini nilimwambia Profesa kwamba mhakiki hayupo.

*

Mlezi wa Taifa hasahau watu wake. Kwa kuwa kifungu changu ndicho kilichofanya kazi kama kilivyoandikwa, bila kukosea hata kidogo, nilipandishwa cheo nikawa Msimamizi wa Ruta ya Mpakani. Ofisi yangu iko ukingoni mwa mto. Dirisha linatazama Nderemo, ambako jioni taa huwaka nyingi kupita kiasi, nadhani makusudi.

Ruta yangu ni ya zile zisizosoma vyeo, kwa hiyo haikuwahi kumnunia mtu. Wenzake wote wa ndani ya nchi wameikata, na hawajasema kwa nini. Lakini siku ile ya uzinduzi, kabla ya kukatwa, ilikuwa imeshapitisha salamu za Mlezi mpaka ng'ambo. Nderemo walizisoma, wakaliona kosa, na tangu wakati huo kila asubuhi, kwenye skrini ya pekee inayopokea kitu katika Jamhuri nzima, unaingia ujumbe huu:

"Tangazo lako limetufikia. Kosa liko kwenye cheo, ni kirefu mno. Hilo tumeliweka kando. Mengine yote uliyowahi kutuambia bado tunayo, na tunaendelea kukusikiliza."

Naujua mkono wa Saumu. Hakuna ruta duniani inayoweza kusema "bado tunayo" bila kufundishwa na mtu mwenye moyo wa namna yake. Kazi yangu kiserikali ni kuusoma ujumbe huo na kuripoti kwamba haukuja, na naifanya. Ila nikishamaliza kuripoti narudi kuusoma tena, maana katika umri wangu wote hakuna aliyewahi kuniambia kosa liko wapi na papo hapo akaniambia kwamba bado ananisikiliza. Nimekumbuka sauti yake. Nimekumbuka hata samaki.

Chini ya ujumbe pana nafasi ya kujibu. Neno moja linatosha, na halihitaji cheo. Asubuhi nyingi nimeweka vidole kwenye kibodi. Leo nimefika mbali zaidi: nimeliandika, *rudi*, nikalitazama likimetameta, na kidole kikawa kimeshafika juu ya kitufe cha kutuma.

Ndipo nikajiuliza: alipokuwa akiutunga ule ujumbe, Shomvi alikuwa amekaa upande gani wa meza?

Nimelifuta. Mpaka nijue hilo, sijibu. Na kwa kuwa simuulizi, atajua mwenyewe.